Chai ya Maji ya Mvua

Niliwahi kuandika makala gazetini kuhusu kuvuna maji ya mvua. Kwa maoni yangu ilikuwa makala nzuri. Nilieleza jinsi mkulima mdogo wa sehemu kame anavyoweza kukinga maji ya paa lake, akayatunza, na kuvuka nayo kiangazi bila kumlilia mtu. Nilitumia maneno kama "ustahimilivu" na "endelevu", nikayarudia karibu kila aya. Niliiandika sebuleni kwangu Elerai, masika yakinyesha, huku maji ya paa langu yakimwagikia uani kwa jirani ambaye alikuwa ameshanilalamikia mara mbili.

Siku tatu baada ya makala kutoka, shemeji yangu alinipigia simu. Ni mke wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye kwa desturi yetu Waarusha ndiye aliyebaki na boma la mama. Boma lenyewe liko upande wa magharibi wa Mlima Meru. Upande wa mashariki, kule Tengeru wanakotoka wakwe zangu, kuna migomba, kahawa na mifereji inayotembea mwaka mzima. Kwetu kuna mahindi, maharage, vumbi na punda. Mlima ni mmoja, lakini mvua huanzia kwao, na ikifika kwetu huwa imechoka.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimesoma ulichoandika. Nimekisoma mara mbili. Tangi lako lina ukubwa gani?"

"Tangi lipi?"

"La kwako. Hilo unalovunia."

Nilimwambia bado sijafunga. Akasema "aha", kisha akasema kwa upole kabisa, "Basi ukifunga la kwako, unikumbuke na mimi." Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli ningepata cha kujibu.

Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo iko mdomoni mwa watu wengi wa kwetu. Maji ya chemchemi na visima vinavyouzunguka mlima huu yana madini ya floraidi. Mtu mzima akiyanywa hayambadilishi meno. Lakini mtoto akiyanywa, meno yake ya ukubwani, yanayojitengeneza ndani ya ufizi miaka mingi kabla hayajatokeza, hutoka na rangi ya kahawia, mengine na vishimo. Kuyachemsha maji hakusaidii. Mimi ninayo meno hayo. Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam, wenzangu walijua ninakotoka kabla sijamaliza kutaja jina. Tangu hapo napiga picha nimefumba mdomo. Watu huniambia ninaonekana mtu mwenye mawazo mazito.

Shemeji aliyalipia meno yake zaidi. Alipomaliza kidato cha nne aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini. Walimuuliza maswali, akayajibu. Wakamwambia atabasamu, akatabasamu. Wakasema watampigia. Hupenda kuisimulia hadithi hiyo kama kichekesho, na kila akifika hapo pa kutabasamu hufunika mdomo kwa kiganja.

Ana watoto watatu. Wawili wakubwa wako shule ya msingi na meno yao yalishaota na rangi yake. Wa mwisho, wa kike, wakati ule alikuwa anakaribia kuachishwa ziwa. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia kwamba anachokunywa mtoto huyu hadi afike miaka saba au minane ndicho kitakachoonekana akicheka. Maji ya mvua hayana floraidi.

"Huyu mmoja," aliniambia, "nataka acheke bila kufikiria."

Aibu ya simu ile ilinipeleka hadi Kaloleni, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nikanunua tangi la plastiki la lita elfu mbili, gata za bati na vipande vya bomba. Nilinunua kwa ajili ya nyumba yangu, maana mtu aliyeandika makala ile hakuweza kuendelea kuishi hivyo. Fundi alipokuja kupima, mwenye nyumba wangu naye akaja, akasema paa lake halitobolewi misumari na mpangaji. Tangi likakaa uani miezi kadhaa, kuku wa jirani wakipumzika kivulini pake. Mwishowe, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, nikakodi pikapu nikalipeleka nyumbani kwa mama. Kwa hiyo wema wangu, ukiuchunguza, ulikuwa wa kuondoa kitu uani.

Mdogo wangu alilizunguka lile tangi mara mbili.

"Kaka, hili ni la ng'ombe?"

"Ni la mtoto," mkewe akasema.

"Mtoto atakunywa lita elfu mbili? Ng'ombe ana mimba."

Ng'ombe huyo ni wa maziwa, mmoja tu, na ndiye anayesomesha watoto. Mdogo wangu hakuwa na ubaya, alikuwa anasema anachokiona kila siku. Bomba la kijiji, linaloleta maji yaleyale ya chemchemi, liko mwendo wa saa nzima kwa punda, na ng'ombe mwenye mimba hanywi kwa adabu. Basi nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku mbili kule Tengeru kabla ya kuandika makala, nikiwa nimekaa mstari wa mbele na daftari jipya. Nikawaambia tugawe mvua. Ya paa iwe ya mtoto. Ya barabarani, ile inayoshuka kwenye mtaro na kutukatia shamba kila masika, tuielekeze kwenye bwawa dogo la kuchimba, tulitandike turubai, iwe ya ng'ombe na bustani ya sukuma wiki.

Bwawa lilichimbwa kwa msaragambo. Kwetu ukiwa na kazi inayokuzidi unaita watu, wanakuja na majembe yao, nawe unawalisha. Walikuja wanaume kumi na mmoja wa rika langu, yaani niliotahiriwa nao, watu wazima wenye vitambi na wajukuu. Tangu niende chuo kikuu hawajawahi kuniita kwa jina.

"Mwandishi, shika jembe. Hilo halihitaji wino."

"Mwacheni. Anatafuta sentensi ya kuanzia."

"Akipiga jembe moja anaweka nukta."

Saa nne walinihamishia kwenye toroli, saa sita wakanihamishia kwenye kugawa maji ya kunywa, na kazi ikaenda vizuri zaidi. Jioni shimo lilikuwa limekamilika. Wakala loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, wakaondoka. Masika yalipoteremka mwishoni mwa mwezi wa tatu, bwawa likajaa kwa mvua nne, na kufika mwezi wa tano tangi nalo lilikuwa likifurika kwa juu.

Nikakaa na kalamu nikapiga hesabu. Maji ya kunywa ya mtoto, uji wake na chakula chake havizidi lita tano kwa siku. Hadi masika mengine tungebakiwa na zaidi ya robo ya tangi. Shemeji alinisikiliza, kisha akaenda kukata ufito mrefu, akautumbukiza tangini kupitia juu, na kwa kisu akautia alama: maji yanatakiwa yawe hapa mwisho wa mwezi wa sita, hapa wa saba, hapa wa nane, hadi wa tatu. Mimi nilikuwa na hesabu kwenye karatasi. Yeye alikuwa na kitu cha kuchovya. Na kwa kuwa nesi alimwambia magadi nayo yana floraidi ileile, aliacha kuyatia kwenye maharage ya mtoto. Mama alilalamika kwamba maharage yasiyo na magadi yanaiva siku ya pili.

Siku moja ya mwezi huo wa tano, wenzangu wa rika walipita kuliangalia bwawa lao. Mama akasema hawawezi kuondoka hivi hivi. Shemeji akapika chai ya maziwa kwa maji ya tangini, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na yalikuwa yakimwagika chini bure.

Mmoja wao akanywa funda moja, akakitazama kikombe.

"Hii chai imetiwa nini?"

"Haijatiwa kitu," mama akasema. "Imetolewa kitu."

Mtu aliyezaliwa kwetu hajui kwamba chai yake ina ladha ya maji. Maji yetu yana ule utelezi wa magadi, majani ya chai hayakolei vizuri, na maziwa huacha utando juu. Tumekua nayo, tunadhani ndivyo chai ilivyo. Chai ya maji ya mvua ilikuwa na rangi ya udongo mzuri na harufu ya majani yenyewe. Wale watu walikunywa chupa mbili, wakaaga, wakakaa tena, wakanywa ya tatu. Mama alifurahi. Baba alipofariki boma lilipoa, na mama ni mtu anayependa kusikia viti vikiburutwa.

Mwisho wa mwezi wa nane shemeji alinipigia simu.

"Shemeji, ufito unasema tuko mwezi wa kumi na moja."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Kwanza alikuwa amemshuku mumewe.

"Mimi?" mdogo wangu akasema. "Ng'ombe hajui hata koki iko wapi. Ananywa bwawani, muulize."

Nikapiga magoti nikakagua kila kiungo cha bomba kutafuta panapovuja. Pakavu. Nikasimama nikapangusa suruali, nikazungumza kwa kirefu kuhusu maji kugeuka mvuke kwenye jua kali. Walinisikiliza kwa heshima. Shemeji akasema taratibu, "Lakini lina mfuniko." Nikaenda kunywa chai.

Baada ya hapo aliamua kuhesabu mwenyewe. Kila alipojaza chupa ya chai kwa maji ya tangi, alichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Alifanya hivyo wiki mbili, kisha siku nilipokwenda tena akaniita jikoni akaufunga mlango ili niuone. Ulikuwa umejaa kama ukuta wa mfungwa.

"Ni chai," alisema.

Akanisomea. Jumatatu, mama mmoja aliyepita kuulizia mbegu akanywa, akamwita mwenzake aliyekuwa anapita njiani. Jumanne, wawili wa rika langu waliokuja kuona kama turubai la bwawa limekaa sawa. Lilikuwa limekaa sawa tangu mwezi wa tatu. Jumatano, ibada ya jumuiya. Sisi ni Walutheri, na ibada ya jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa imeanza kurudi haraka kuliko zamani, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Alhamisi, mzee wa kanisa, kuja kushukuru kwa ibada ya Jumatano. Mzee wa kanisa hanywi chini ya vikombe vitatu.

"Jumamosi," akaendelea, "chupa nne. Ndiyo siku ile uliyokuja na rafiki zako wawili."

"Walitaka kuliona bwawa."

"Waliliona. Na dumu."

"Dumu lipi?"

"Lile la lita kumi. Ulisema ni la kuwaonjesha watu wa ofisini."

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nimewahi kuandika kurasa nyingi kuhusu wanaomaliza maji ya nchi hii, na mlango ule wa jikoni ulikuwa na mstari wangu, mnene kuliko ya wengine, maana dumu alilichorea mstari wa peke yake.

Katika hesabu yangu niliweka kinywaji cha mtoto, uji wake, hata maji ya kuoshea kikombe chake. Sikuweka wageni. Mtu wa kutoka mbali angeniuliza, "Wageni wanakunywa nini?" Mimi sikujiuliza, kwa sababu kwetu chai ya mgeni haihesabiwi kuwa matumizi. Ni sawa na kupumua. Mdogo wangu hakuiweka, mama hakuiweka, hata shemeji mwenye ufito wake hakuiweka.

Nilikwenda kuzungumza na mama, kwa kuwa mimi ni mkubwa na ni kazi yangu. Shemeji hawezi kumwambia mama mkwe, ndani ya boma la mama mkwe, kwamba wageni wake wasipewe kitu. Mdogo wangu alikumbuka kwamba ana uzio wa kurekebisha.

"Mama, maji ya tangi yanaisha."

"Mvua itanyesha."

"Wageni wapewe chai, hakuna anayekataa. Lakini ipikwe kwa maji ya bomba."

"Na ya mvua yapo?"

"Yapo. Ni ya mtoto."

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Mtu amekunywa hii hapa kwangu tangu mwezi wa tano," alisema. "Kesho anakuja, nampa ile. Anaonja, anajua. Tangi analiona pale limesimama. Nimwambieje? Kwamba amepungua?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu meno, ufizi na miaka minane. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe una meno hayo," akasema, "na ulifika chuo kikuu."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nikaacha kuchukua dumu, nikajiona nimetoa mchango.

Vuli ya mwaka ule ilikuja siku mbili, ikaosha bati, ikaondoka. Bwawa lilikuwa limeshakauka mwezi wa kumi, turubai likipasuka kwa jua pale ambapo mbuzi walishuka kulamba. Sukuma wiki zikaliwa hadi vikonyo. Ng'ombe alikuwa amezaa salama na sasa alikuwa ananyonyesha, hivyo punda walikwenda bombani mara mbili kwa siku. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili ufito ulitoka na maji kwenye robo ya chini. Kwa mwendo ule, tangi lingekauka kabla ya katikati ya mwezi wa kwanza, na mtoto angekunywa maji ya bomba kwa miezi miwili na zaidi. Nesi alikuwa amesema kila mwezi unahesabika. Shemeji alilichukua neno hilo kama lilivyo.

Jumamosi moja alinisubiri pale nilipoegesha gari, mbali na nyumba.

"Shemeji, nina ombi. Si la kitu."

"Sema."

"Wiki hii jumuiya si Jumatano, iko hapa kesho baada ya kanisa. Mzee wa kanisa atakuwepo, na wa rika lako watakuwepo. Nitapika chai ya bomba, yote. Nitakumiminia wewe kwanza."

"Mimi kwanza, na wazee wapo?"

"Wewe ndiye uliyelileta tangi. Kila mtu anajua. Ukinywa wewe ya bomba, hakuna atakayesema amepungua. Mtapungua wote pamoja, na wewe ndiye wa kwanza."

Nilimwuliza kama amemwambia mama. Akasema hapana, akimwambia mama itapikwa ya mvua. Nikamwambia mama atafedheheka. Alitazama upande wa nyumba.

"Najua," alisema. "Naye nitakuwa nakaa naye mimi, si wewe. Wewe utarudi Elerai."

Hilo lilikuwa kweli, nikakubali. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno mawili matatu ya kuwaeleza wageni, kuhusu mvua, paa na kizazi kijacho, na nadhani yalionekana usoni.

"Na usihutubu," akasema. "Kunywa tu."

Jumapili walikuja kama ishirini. Kulikuwa na wimbo, neno, sala, na sala nyingine ya kuombea mvua, iliyokuwa ndefu kuliko zote. Kisha shemeji akatoka jikoni na chupa na vikombe kwenye sinia. Akawapita akina mama, akampita mzee wa kanisa aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akaja kwangu. Jambo hilo halifanywi. Mama alinyanyua shingo. Shemeji akanimiminia, akarudi kwa mzee wa kanisa, akaendelea kwa utaratibu wa kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikanywa. Ilikuwa chai ya utotoni kwangu, na sikuifurahia hata kidogo. Miezi saba ya maji ya mvua ilikuwa imeniharibu. Utando ulinishika kwenye mdomo wa juu.

Mzee wa kanisa akaonja. Akakishusha kikombe, akakiangalia ndani, akamwangalia mama.

"Chai ya leo," akasema.

"Chai imefanya nini?" mama akauliza, na sauti yake haikuwa ya kuuliza. Alikuwa ameonja ya kwake.

Mmoja wa rika langu alikuwa ameshika kikombe mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nilimaliza kikombe changu, nikakinyoosha.

"Shemeji, naomba kingine," nikasema. "Ni ya bomba, siyo?"

"Ya bomba."

"Tangi limekauka?" mzee wa kanisa akauliza, kwa huzuni ya kweli.

"Halijakauka," shemeji akasema, akinimiminia huku amewapa mgongo. "Lina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa chini ya meza akilamba kijiko. Watu wakamtazama. Mama mmoja wa jumuiya, ambaye wanawe wote wanne wana meno kama yangu, akauliza, "Ni ya meno?" Shemeji akasema ni ya meno. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akanywa chai yake yote bila kusimama, akanyoosha kikombe kuomba tena. Ndipo yule wa rika langu akasema, "Mwandishi, wewe kunywa tu. Kwako maji hayawezi kuharibu zaidi ya hapo." Wakacheka, nami nikacheka, mdomo wazi, kwa kuwa mbele yao hakuna cha kuficha. Mzee wa kanisa siku hiyo alikunywa kikombe kimoja.

Mama hakucheka. Wageni walipoondoka alinisindikiza hadi kwenye gari, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ungeniambia." Kisha akasema, "Wamenitazama kama ninayeficha kitu kwenye nyumba yangu," akarudi ndani. Wiki tatu hakupokea simu yangu. Mdogo wangu alisema ni mtandao.

Shemeji alipunguza hata ya mtoto, akabakiza ya kunywa na ya uji tu. Masika yalianza wiki ya tatu ya mwezi wa tatu. Asubuhi kabla ya mvua ya kwanza alichovya ufito, akanitumia picha kwa simu: maji yalikuwa yamefika vidole vinne. Mvua ile ya kwanza aliiacha ipite ardhini kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, ndipo akaunganisha bomba la tangi. Mama alisimama mlangoni akiyatazama maji yale yakipotea, akasema hajawahi kuona mtu mwenye roho ngumu hivyo.

Tangi lilijaa tena, na mimi nilidhani tungerudi kwenye chai nzuri angalau kwa mwezi wa nne na wa tano, linapofurika lenyewe. Shemeji alikataa. Alisema watu wakishaionja tena kazi itaanza upya, na hana nguvu ya Jumapili nyingine kama ile. Sasa kuna mabati matatu mengine kijijini yenye gata, mojawapo la yule mama wa watoto wanne, ambaye ana wajukuu. Nako pia, nimeambiwa, mgeni hupewa ya bomba.

Lakini wageni wa mama walipungua kweli. Zamu ya jumuiya ilirudi kwenye mwendo wake wa zamani. Hakuna anayekuja kukagua turubai. Mzee wa kanisa huja, ila hukaa muda wa kikombe kimoja. Mama halalamiki, anasema tu kwamba siku zimekuwa ndefu, na mimi, niliyekunywa cha kwanza, ndiye ninayetakiwa kuzifupisha. Kwa hiyo siku hizi nakwenda kila Jumamosi. Tunakaa sebuleni, ananimiminia mwenyewe, tunakunywa ile chai yenye utando, na ananiuliza habari za mjini ambazo alishazisikia kwa mdogo wangu.

Jumamosi iliyopita mtoto aliingia na kikombe chake cha plastiki. Ana miaka mitatu sasa. Meno ya ukubwani bado yamo ndani ya ufizi, na hakuna mtu anayeweza kusema yana rangi gani. Alikunywa nusu, akatoka mlangoni, akawamwagia kuku iliyobaki. Mimi na mama tuliyaangalia maji yakizama kwenye vumbi.

"Mwambie mama yake," mama akasema.

"Mwambie wewe."

Mama akafikiri. Akanywa chai yake kidogo.

"Ataendelea kumwaga hivi, na nesi alisema hadi miaka minane," akasema. "Itabidi mtu awe anamshikia kikombe." Akainuka kwa kujikongoja, akatoka, akamshika mtoto mkono akaenda naye kwenye koki ya tangi. Nilimsikia akimfungulia maji kidogo, akifunga, na akimwambia anywe pale pale, bibi yake amwone.